Samaki Gani Wakae Pamoja Katika Tangi Lisilo na Hita?



Mwaka jana mwezi wa Machi mama mmoja wa parokia ya jirani alituletea seminarini tangi la samaki la kioo, pamoja na samaki 11 waliokuwa ndani yake. Lilikuwa tangi la marehemu mume wake. Walikuwa wameishi Dar es Salaam kwa miaka mingi, na mzee alipofariki, mama akarudi kwao huku nyanda za juu. Nyumba aliyofikia ilikuwa ndogo, akaona heri atukabidhi sisi kitu ambacho mzee alikipenda kuliko kukiuza. Baba Gombera aliuliza nani anaweza kuwatunza. Nilinyoosha mkono, nikasema napenda samaki. Wenzangu walicheka, wakidhani nasema wa kukaanga.

Samaki wale walikuwa neoni sita, gapi wanne na beta mmoja mwenye mapezi marefu ya buluu. Machi, Aprili na Mei walikuwa wazima. Juni ilipoingia, neoni walianza kujibanza chini wakiacha kula. Kisha vikatokea vidoa vyeupe kama chembe za chumvi kwenye ngozi zao. Nilidhani ni ugonjwa ulioletwa na maji yetu, nikanunua dawa. Nilibadilisha maji mara nyingi zaidi. Asubuhi moja yenye baridi kali nilimimina hata birika zima la maji ya moto nikiamini nawasaidia. Wiki ya kwanza ya Agosti alikufa gapi wa mwisho.

Jumapili moja baada ya Misa mama alikuja kututembelea. Baada ya kumwamkia akaniuliza, "Frateri, samaki wa mzee hawajambo?" Nilimweleza yote. Alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Pole, mwanangu. Ila Dar hawakuwa wanaugua. Mzee hata dawa hakuwahi kununua."

Hakusema kwa kunilaumu, lakini sentensi hiyo ilinifanya nitafakari. Tangi lilikuwa lilelile, chakula kilekile, samaki walewale. Kilichobadilika ni mahali. Siku iliyofuata niliazima kipimajoto, nikakitumbukiza ndani ya maji kabla ya sala za asubuhi. Kilisoma nyuzi 16 za Selsiasi. Samaki wale wote watatu huhitaji maji yenye nyuzi zaidi ya 20, na beta huhitaji 25 hivi. Kwa miezi miwili nilikuwa nimewaweka kwenye baridi wasiyoumbiwa, na mimi nikihangaika kutafuta dawa.

Naandika makala hii kwa ajili ya yeyote kati yenu, frateri, mtawa, katekista au mzazi mwenye watoto, anayetaka kufuga samaki wa urembo nyumbani bila hita. Jambo la kwanza ninalotaka ulikumbuke ni hili: katika tangi lisilo na hita, wa kwanza kuchagua samaki ni nyumba yako. Wewe unachagua baadaye, kati ya wale ambao nyumba imewakubali.

Kwa nini joto la maji ni jambo kubwa hivi

Sisi binadamu mwili wetu hujitengenezea joto. Iwe Njombe au Tanga, ndani ya mwili tunabaki na nyuzi 37 hivi. Samaki hawa wa tanginiq hawana uwezo huo. Joto la mwili wa samaki ni joto la maji aliyomo. Maji yakipoa chini ya kiwango chake, tumbo lake husaga chakula polepole, moyo hupunguza mwendo, na kinga yake dhidi ya magonjwa hudhoofika. Ndiyo maana vile vidoa vyeupe vilitokea. Kimelea chake kilipata samaki ambaye hana tena nguvu ya kujikinga. Dawa ingeweza kuua kimelea, lakini isingeweza kuondoa baridi.

Maji yakiwa moto kupita kiasi, shida ni nyingine. Maji ya moto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji ya baridi. Maji yasiyo na chumvi yenye nyuzi 20 yanaweza kubeba miligramu 9 hivi za oksijeni kwa kila lita, na yenye nyuzi 30 hubeba 7.5 hivi. Wakati huohuo, samaki aliye katika maji ya moto huhema zaidi kwa sababu mwili wake unafanya kazi kwa kasi. Anahitaji zaidi na anapata kidogo. Ukiona samaki wako wanapanda juu ya maji wakati wa mchana wa joto wakivuta hewa, mara nyingi ndiyo sababu.

Mabadiliko ya ghafla nayo huumiza. Birika langu la maji ya moto lilipandisha joto kwa dakika chache, kisha likashuka tena. Samaki aliyekwisha kudhoofika alipata pigo la pili.

Anza na kipimajoto, si na duka

Kabla ya kununua samaki hata mmoja, weka maji kwenye tangi mahali litakapokaa, kisha pima joto lake asubuhi mapema na alasiri. Fanya hivyo kwa wiki moja au mbili, na uandike. Kama unaweza, subiri upime pia katika msimu wa baridi, yaani Juni hadi Agosti, kwa sababu huo ndio unaoua. Ukipima Januari peke yake utadanganyika kama mimi nilivyodanganywa na Machi.

Nchi yetu ina hali nyingi za hewa. Dar es Salaam, Tanga na Zanzibar, maji ndani ya nyumba hukaa ya uvuguvugu karibu mwaka mzima. Njombe, Makete au Lushoto ni habari nyingine: Njombe usiku wa Julai hewa ya nje huweza kushuka chini ya nyuzi 10, na chumba kisicho na moto hufuata. Arusha, Moshi na Iringa ziko katikati, na hapo nyumba mbili za mtaa mmoja zinaweza kutofautiana, moja ikiwa na sakafu ya saruji upande wa kivuli na nyingine ikipata jua.

Weka tangi mbali na dirisha linalopigwa na jua na mbali na mlango unaofunguliwa kila mara. Na kama uwezo unaruhusu, nunua tangi kubwa kuliko dogo. Maji mengi hupoa na kupata joto taratibu. Maji ya bakuli hugeuka ndani ya saa chache. Ndiyo maana lile bakuli la duara tunaloliona kwenye picha ni mahali pagumu sana kwa samaki.

Makundi matatu ya samaki

Ukishajua maji yako, tazama kundi linaloyafaa.

Kundi la kwanza ni samaki wa maji baridi, kwa nyumba ambazo maji hucheza kati ya nyuzi 15 na 22. Anayejulikana kuliko wote ni samaki wa dhahabu. Asili yake ni China, alikofugwa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Wa pili ni samaki mdogo ambaye kwa kitaalamu huitwa Tanichthys albonubes, naye pia ni wa China. Jina lake lina historia nzuri: alipatikana kwenye Mlima wa Wingu Jeupe karibu na Guangzhou, na kiongozi wa skauti aliyeitwa Tan ndiye aliyemgundua, maelezo yake ya kisayansi yakatolewa mwaka 1932. Hapa nitamwita samaki wa wingu jeupe. Hukua sentimeta 4 tu na ni mpole.

Kundi la pili ni la katikati, kwa maji ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Hapa yupo danio mwenye milia, samaki wa Asia Kusini, mchangamfu na mvumilivu, ambaye hata nyuzi 18 hazimsumbui. Yupo pia plati, mwenye asili ya Mexico na Amerika ya Kati, ambaye huzaa watoto hai badala ya kutaga mayai.

Kundi la tatu ni samaki wa joto, kwa nyumba za Pwani ambazo maji hayashuki chini ya nyuzi 24. Gapi, neoni na beta wako hapa. Gapi anatoka kaskazini mwa Amerika ya Kusini, neoni anatoka bonde la mto Amazon, na beta anatoka Thailand na nchi zinazoizunguka. Hawa ndio mzee wetu aliwafuga Dar es Salaam bila hita na bila shida. Alikuwa amechagua vizuri. Mimi ndiye niliyepokea uchaguzi wake bila kuuliza kama unafaa kwa nyumba yetu.

Rafiki yangu mmoja aliniuliza: kwa nini tusifuge samaki wa kwetu, kama wale wa rangi za buluu na njano wa Ziwa Nyasa? Ni samaki wazuri, na wafugaji wa nchi nyingi huwatafuta. Lakini neno "wa kwetu" linaweza kutudanganya. Ziwa Nyasa liko mita 475 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yake ya juu hukaa kati ya nyuzi 23 na 28. Mji wa Njombe uko juu yake kwa zaidi ya mita 1,400. Ni mkoa mmoja, lakini kwa samaki ni dunia mbili. Zaidi ya hapo, samaki wale hupigania maeneo yao vikali, na maji yao yana madini kuliko maji mengi ya mito ya milimani.

Kukubaliana na maji ni nusu ya kazi

Samaki wawili wanaweza kupenda joto lilelile na bado wasiweze kukaa pamoja. Baada ya kupima joto, jiulize maswali haya manne.

La kwanza: atakua kiasi gani? Samaki wa dhahabu dukani huwa na urefu wa kidole, lakini aina yenye mwili mrefu huweza kufika sentimeta 30, na zile zenye mwili wa mviringo hufika 15 hadi 20. Kanuni ya majini ni rahisi: kinachoenea mdomoni huliwa. Samaki wa dhahabu na samaki wa wingu jeupe wote hupenda baridi, na wakiwa wadogo wataonekana marafiki. Mmoja akikua, mwingine anaweza kuwa chakula.

La pili: anaogelea na kula kwa kasi gani? Samaki wa dhahabu wa mviringo mwenye mkia mpana huenda polepole. Ukimweka na yule wa mwili mrefu, au na danio, chakula kitakwisha kabla hajafika. Hatapigwa wala kung'atwa, ila atakonda mbele ya macho yako.

La tatu: anapenda kuishi na nani? Danio, neoni na samaki wa wingu jeupe ni samaki wa kundi. Wanahitaji wenzao wa aina yao, angalau sita. Ukimweka mmoja peke yake atajificha au atasumbua wengine. Beta dume ni kinyume chake: madume wawili ndani ya tangi moja watapigana mpaka mmoja aumie vibaya au afe. Mapezi yake marefu pia huwavutia samaki wenye tabia ya kudonoa.

La nne: anachafua maji kiasi gani? Samaki wa dhahabu hula sana na kutoa uchafu mwingi. Kwa hiyo wachache wake wanahitaji maji mengi.

Swali la tatu tulijifunza kwa vitendo. Tangi lilipobaki tupu, mwenzetu mmoja alileta kutoka bwawa la seminari perege mdogo na dagaa wachache wa mtoni, kwa nia njema kabisa. Joto liliwafaa wote, maana walikuwa wakiishi hapahapa. Baada ya wiki mbili perege alikuwa ameshika tangi zima, na wale wengine wamejikunyata kwenye kona moja wakiwa na mapezi yaliyochanika. Tuliwarudisha wote walikotoka.

Hesabu ya maji

Kujua tangi lako lina lita ngapi, zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimeta, kisha gawanya kwa 1,000. Tangi la 60 kwa 30 kwa 30 lina lita 54. Hilo linatosha kundi la samaki 8 hadi 10 wa wingu jeupe, au danio 8, na basi. Halimtoshi samaki wa dhahabu hata mmoja akishakua. Tangi la mzee lina sentimeta 90 kwa 40 kwa 40, yaani lita 144.

Usiweke samaki siku ileile unayojaza maji. Uchafu wa samaki hutoa amonia, ambayo ni sumu. Bakteria wanaoota kwenye chujio na kokoto huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita kuongezeka, na katika maji baridi huchelewa zaidi. Washa chujio, weka punje chache za chakula ili bakteria wapate cha kula, na usubiri. Kisha ongeza samaki kidogo kidogo. Hapa ndipo wengi hushindwa, na kweli haraka haraka haina baraka.

Maji ya bomba yenye klorini yaache kwenye ndoo wazi saa 24, karibu na tangi ili yafanane nalo kwa joto, ndipo uyatumie. Robo ya maji kila wiki inatosha. Samaki mpya muache ndani ya mfuko wake ukielea juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20, ukimwongezea maji ya tangi kidogo kidogo. Msimu wa baridi punguza chakula: kile ambacho hakijaliwa ndani ya dakika tatu kilikuwa cha ziada.

Umeme ukikatika, tangi lisilo na hita lina faida yake: samaki waliochaguliwa vizuri hawatajua tofauti ya joto. Kitakachosimama ni chujio na pampu ya hewa, na hapo samaki wachache katika maji mengi huvumilia kuliko wengi katika maji machache.

Usiwamwage mtoni

Jambo hili nalisema kwa uzito. Ukishindwa kuwatunza samaki, mpe mtu mwingine au warudishe dukani. Usiwatupe mtoni wala bwawani. Katika Ziwa Viktoria, sangara aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, na idadi kubwa ya aina za samaki wadogo wa asili zilipotea au kupungua sana. Samaki wa dhahabu na gapi ni wadogo kuliko sangara, lakini nao wamezoea kustawi kwenye maji yasiyo yao. Baba Mtakatifu Fransisko, katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015, alitukumbusha kwamba dunia ni nyumba yetu ya pamoja. Mto unaopita chini ya parokia yako ni chumba kimoja cha nyumba hiyo.

Tulichochagua

Darasani tunafundishwa kwamba jema la kila kitu hutegemea asili yake. Aristotle, ambaye tunamsoma kwa mantiki na maadili, alitumia muda mwingi kuchunguza samaki na wanyama wa baharini. Nilikuwa nimefaulu mtihani wa somo hilo. Lakini mbele ya tangi sikuuliza samaki hawa ni nini na wanahitaji nini. Niliuliza ninataka kuwafanyia nini. Nadhani hata katika utume kosa hilo linawezekana: kumpa mtu huduma kwa bidii nyingi kabla ya kujua anaishi katika maji gani.

Mwezi wa Oktoba, baada ya tangi kukaa na chujio likiwaka kwa wiki sita, tulinunua samaki wa dhahabu watatu wa aina moja, wenye mkia mpana, wenye ukubwa unaolingana. Watatu tu. Wageni wengi husema tangi ni kubwa mno kwao na huuliza wengine wako wapi. Nawajibu kwamba bado wanakua.

Julai ya mwaka huu maji yalishuka tena hadi nyuzi 16. Nilipima kila asubuhi kabla ya kwenda kanisani, nikiwa na hofu kidogo. Samaki walipunguza mwendo, wakala kidogo, wakasubiri jua. Sikuwapa dawa wala maji ya birika. Mama alipokuja mwezi wa Agosti alivuta kiti, akakaa mbele ya tangi kwa muda mrefu, mpaka kengele ya chakula cha mchana ikalia. Alipoondoka aliniambia, "Mzee angewapenda hawa." Kisha akaniuliza kama kipimajoto ni bei gani, maana mjukuu wake naye anataka kuanza.